Tumbo lako, kifua chako

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na tangu hapo siachi kukuwaza. Unasema tumbo linajaa kila ukila, kichefuchefu hakikuachi, chini ya mbavu za kulia panauma hadi begani, na siku hizi kifua kinabana ukivuta pumzi ndefu. Kila unayemweleza anakujibu kuwa ni gesi, au kuwa ni selimundu yako, uzoee tu. Jibu hilo la pili ndilo lililoniuma. Selimundu, huu ugonjwa wetu wa damu wa kurithi, umezaliwa nayo, dada; kusema "ni selimundu" hakuelezi kwa nini leo panauma mahali ambapo zamani hapakuuma.

Tuanze na huko kuliani. Seli nyekundu za mtu asiye na ugonjwa huu huishi siku 120 hivi. Zetu sisi wenye selimundu huishi siku 10 hadi 20. Zinapovunjika hutoa bilirubini, ile rangi inayotutia umanjano machoni, na ini huimwaga kwenye nyongo. Ikizidi kwa miaka, huganda ikawa vijiwe ndani ya kifuko cha nyongo. Hata watoto wenye selimundu huvipata, seuze mtu mzima. Wapo wanaoishi navyo bila kujua. Wengine kijiwe huziba njia, mara nyingi baada ya chakula chenye mafuta, na maumivu yake huja vile vile ulivyoniandikia, pamoja na hilo bega. Mimi nilitolewa kifuko changu kwa sababu hiyo hiyo, baada ya kuambiwa muda mrefu nipunguze vyakula vya gesi. Ultrasaundi ndiyo iliyovionyesha. Haiumi, haina mionzi, ila uende hujala. Mwombe daktari kipimo hicho kwa jina lake, usingoje afikirie mwenyewe.

Inawezekana pia si vijiwe. Zile ibuprofeni na diklofenaki tunazomeza mifupa ikiuma hukwaruza tumbo na kuumiza figo. Kama maumivu yako yapo zaidi kwenye chembe ya moyo, au choo kimekuwa cheusi kama lami, huenda ni kidonda kinachovuja damu, na damu yenyewe ni kidogo tayari. Dawa za jamii ya mofini nazo hufunga choo hadi tumbo likavimba. Kwa hiyo mtajie daktari kila unachomeza, hata cha kujinunulia.

Sasa kifua, na hapa naomba unisikilize kuliko pengine pote. Nadhani umeyaweka matatizo haya mawili mbalimbali, la tumbo huku na la kifua kule. Mtu anayeumwa chini ya mbavu hupumua nusu nusu, kwa kuogopa maumivu. Sehemu za chini za mapafu zinakosa hewa, oksijeni inashuka, na oksijeni ikishuka seli zetu hujikunja na kuziba mishipa. Hapo tumbo limeshaingia kifuani. Matokeo yake yanaweza kuwa shambulio la mapafu, lenye homa, kikohozi, maumivu ya kifua na kuhema, na katika watu wazima wenye selimundu ni miongoni mwa mambo yanayoua zaidi. Linaweza kumjia mtu akiwa tayari amelazwa kwa kraisisi, yaani maumivu makali ya ghafla ya selimundu, siku ya pili au ya tatu, wakati eksirei ya mwanzo ilikuwa safi. Ndiyo maana jibu la "eksirei haina kitu" halitoshi kama hali inazidi kubadilika. Upigwe eksirei tena.

Mgonjwa wa kwanza wa selimundu kuelezwa katika maandishi ya kitabibu ya Marekani, Walter Clement Noel, mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada, alifika hospitalini Chicago mwaka 1904 akikohoa na kuwa na homa. Dkt. James Herrick alichapisha habari zake mwaka 1910, na Noel alifariki kwa nimonia mwaka 1916. Huwa namfikiria sana kijana yule. Alikuwa hana jina la ugonjwa wake. Sisi tunalo, basi lisitumike kutufungia mlango.

Kwa hiyo kifua kikibana pamoja na homa inayofika nyuzi 38, au ukihema ukiwa umekaa, usingoje asubuhi wala siku ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, mtu akusindikize, na useme selimundu na kifua katika sentensi ya kwanza. Waombe wakupime oksijeni kidoleni. Uwe umeandika kiwango chako cha kawaida cha oksijeni na cha damu, maana namba ndogo kwa mwingine huenda ndiyo yako ya kila siku, na kinyume chake pia.

Wakikuta vijiwe na kusema upasuliwe, usiogope, ila hakikisha daktari wako wa damu anazungumza na mpasuaji kabla. Mara nyingi huhitajika kuongezewa damu kwanza, na baada ya upasuaji utahimizwa kuvuta pumzi ndefu kila mara ili kulinda mapafu.

Niandikie ukishapimwa, hata majibu yakiwa nusu. Na kama hutaki kuingia kwa daktari peke yako, sema, nitakuja tuingie wote.

Rafiki yako akupendaye.