Kwa mdogo wangu, kabla hujawaleta wageni Mida

Mdogo wangu,

Nimesikia kwa watu, si kwako, kwamba Januari unaleta tena kundi la wageni kutoka Uingereza kuja kutazama ndege wa Mida, hori yetu ya hapa Watamu. Karibu nyumbani. Kaskazi imeshika, na ndege waliokimbia baridi ya kaskazini ya dunia wamejaa kwenye matope. Nakuandikia hapa kwa sababu simu zangu hupokei.

Siku uichague kwa mwezi, si kwa tiketi. Wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa mnamo saa kumi jioni. Muwe kwenye kibanda cha kutazamia ndege saa nane. Maji yakipanda hula matope kidogo kidogo, na ndege husogea kwenu huku bado wanadonoa. Maji mafu, yale yanayopanda kidogo tu, achana nayo: matope mengi hubaki wazi, ndege hutawanyika, wageni wanaona vidoa tu.

Watu wasizidi wanane. Lile daraja la kwenda kibandani linaning'inia, mmoja akitembea darubini zote zinacheza. Basi wote wasimame kwanza, ndipo mtazame. Anzeni na ukuzaji wa mara 20. Ukikimbilia 60 saa nane, utakuza mvuke wa joto.

Waonyeshe yule mwenye mdomo uliopinda juu na miguu ya rangi ya chungwa. Hukimbia ameinama, na akinasa kaa huweza kumpeleka majini kumwosha kabla ya kummeza. Vitwitwi wa mchangani usiwatenganishe kwa rangi, maana msimu huu wote ni kijivujivu. Wako aina mbili, mdogo na mkubwa: mkubwa ana mdomo mrefu na mnene zaidi, na miguu mirefu. Mkiwa na shaka, andikeni kitwitwi, basi.

Sasa yule ndege mla-kaa, tuliyegombana kwa ajili yake. Siku ile ulipowaleta wageni, maji yamejaa, kundi zima limesimama kwenye ulimi wa mchanga, weupe na migongo myeusi. Mtoto anamlilia mzazi amlishe, kwa kuwa ndege hawa huzaliana visiwa na pwani za kuzunguka Rasi ya Uarabuni na huja na wana wao, wakiendelea kuwalisha hadi huku. Wewe ukapiga makofi. Ulitaka waruke wageni wapate picha! Wakaruka wote, na yule mtoto nyuma yao akilia.

Maji yakijaa hawana pa kula. Wanapumzika wakingoja yatoke, na kila ukiwarusha wanachoma mafuta bila kurudisha kitu. Machi na Aprili ni vibaya zaidi: kuna chekeamwezi, ndege mdogo wa gramu 60 hivi, anayejinenepesha kwa safari ya kurudi Siberia. Unasema nilikuaibisha kwa kukufokea mbele ya watu. Ningengoja jioni nikuite pembeni, ungewarusha mara ngapi? Mzee alitufundisha pamoja: wakiacha kula na kuinua vichwa, simama; wakianza kutembea kukukimbia, rudi nyuma. Tulipokuwa wadogo ni wewe uliyekuwa ukinivuta shati nisisogee.

Waambie wavae nguo za rangi ya udongo na viatu vya kufunga, kwani chaza wa kwenye mikoko wanakata. Mama anauliza mtakula wangapi. Mjibu yeye, kama mimi hutaki kunijibu.