Barua kwa mwanangu: karanga zichambue kwanza

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo, ila baba yako goti linamsumbua. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu unasema "sawa mama" kabla sijamaliza, na hili nataka nilimalize. Barua nimeiweka juu ya mzigo ili uisome kabla hujafungua kitu kingine.

Mdogo wako alinionyesha ile picha uliyoiweka kwenye stetasi. Ladu zako za karanga zimepangwa kwenye sahani, zimeviringishwa zikawa sawasawa, juu ufuta, na chini umeandika "protini nyingi, hazijaokwa, hazina sukari". Nilifurahi, sikufichi. Niliiomba simu mara tatu niitazame tena. Nikamwambia baba yako, huyu ni mtoto wa muuza kashata, mikono yake inajua. Halafu usiku usingizi ukanipaa. Nikawa najiuliza jambo moja tu: hizo karanga kazinunua wapi, na je, alizichambua?

Uko Dodoma, nchi ya karanga. Pale soko la Majengo utazikuta magunia kwa magunia, na macho yatakwenda kwenye bei. Lakini huko huko Dodoma, mwaka 2016, upande wa Chemba na Kondoa, na kule Kiteto mkoani Manyara, watu walikula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotoka kwenye kuvu, na karibu 20 wakafa. Wewe ulikuwa bado shule ya msingi. Yale yalikuwa mahindi, sawa, ila kuvu lile lile hupenda karanga. Bwana afya alipokuja kuzungumza nasi kwenye kikoba alituambia sumu yenyewe huioni wala huisikii mdomoni, na moto wa jikoni hauimalizi. Inakwenda kwenye ini. Anayekula nyingi kwa mara moja anaugua papo hapo, na anayekula kidogo kidogo kwa miaka anaweza kuja kupata saratani ya ini hajui ilikotoka.

Kwa hiyo zimwage kwenye ungo, mchana, karibu na dirisha, si usiku kwa taa ya simu. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zenye rangi ya kijivu au nyeusi, zilizoanza kuota. Usikimbize mkono. Ukishazikaanga na kuzipoza, zifikiche maganda, zipepete, halafu zigawanye mbili mbili na uangalie katikati. Hapo ndipo watu wengi hawaangalii. Nje karanga ni nyeupe, nzuri, ukiipasua unakuta ndani kuna vumbi la kijani au weusi kama wa masizi. Ile tupa, usimpe hata kuku. Na ukionja moja ikawa chungu, iteme, usimeze kwa aibu ya watu.

Zilizovunjika zinauzwa bei ya chini. Muuzaji atakwambia kaanga sana, rangi itapotea. Inapotea kweli. Ukiziunguza kidogo na sukari ukaiacha ikolee mpaka iwe hudhurungi, hakuna mtu atakayeona. Mwaka ule ada yako ilipochelewa zilikuwa zinaletwa gunia zima kwa bei hiyo, na wateja wangu wakubwa walikuwa watoto wa madrasa. Nawe ulikuwa unakwangua sufuria. Basi usinunue zilizovunjika.

Kuhusu hayo maneno uliyoandika. Nimekaa na mdogo wako na kitabu chake cha lishe tukapiga hesabu. Ukichukua karanga gramu 300, tende zilizotolewa kokwa gramu 200 na maziwa ya unga gramu 100, unapata ladu 20 za gramu 30. Karanga gramu 100 zina protini kama gramu 25, maziwa ya unga yenye mafuta yake ni hivyo hivyo, tende ni gramu 2 tu. Kila ladu inatoka na gramu 5 na ushee. Yai moja lina 6. Ni nzuri sana kwa kitu kitamu, hata kashata yangu haifiki huko, kwa kuwa nusu yake ni sukari. Lakini waandikie watu hesabu yenyewe, ladu moja gramu 5, waamue wenyewe. Wale vijana wa mazoezi unaosema wananunua nne nne watajua wanachokula.

Na hilo la "hazina sukari" lifute leo. Tende zaidi ya nusu yake ni sukari, iwe ya Mungu au ya dukani mwilini ni sukari. Baba yako ana sukari, unalijua hilo, unajua tulivyomkimbiza usiku ule. Mtu kama yeye akisoma maneno yako atakula tatu kwa moyo mweupe. Andika "hazijaongezwa sukari". Hapo umesema kweli. Na kila mnunuzi muulize kama karanga zinamdhuru, maana kuna watu koo linawavimba kwa karanga moja.

Umeniuliza kwa nini zako zinameguka. Hujatwanga vya kutosha. Karanga zikitwangwa kwanza zinakuwa unga mkavu, na wengi wanaishia hapo, wanaongeza maji. Maji usitie hata tone. Endelea kutwanga, utaona unga unaanza kung'aa na kushikamana na kinu, hayo ni mafuta yake yanatoka. Hapo ndipo utie tende, chumvi kidogo sana na iliki. Maziwa ya unga yaje mwisho, kidogo kidogo, mpaka donge liache kunata kiganjani. Kama tende zimekauka, zikalishe juu ya mvuke wa birika, usizilowanishe. Kwa sababu hazipikwi na bweni halina friji, ukavu ndio unaozilinda. Za namna hii kwenye kopo kavu zinakaa wiki. Ukitia ndizi au mtindi, kama mwenzako anavyokushauri, ziliwe siku hiyo hiyo. Na soya usiitie mbichi. Unga wa soya ni mzuri, una protini kupita karanga, ila maharage yake lazima yapikwe au yakaangwe kabla ya kusagwa, la sivyo tumbo litakusumbua na mwili hautaipata hiyo protini. Ukiununua uliosagwa, uliza, asipokujibu vizuri uache.

Wakati ule ulikuwa unaona haya kubeba sinia langu, nilikasirika sana na nikasema maneno. Sasa unauza kitu kile kile kwa shilingi 500 kwa wenzako wa chuo. Mimi naona raha. Nisingependa tu masomo yawe ya pili. Mtihani ukikaribia, kinu kiweke chini ya kitanda, wateja watasubiri.

Nimekutumia karanga kilo tatu kutoka Mgandini, nilizichambua mwenyewe siku mbili. Lakini usiniamini. Macho yangu si ya zamani, jioni naona ukungu, na mkono ukichoka unapitisha. Zichambue tena. Zihifadhi kwenye kile kiroba cha kitambaa, si mfuko wa nailoni, na usikiweke sakafuni, bweni lenu lile lina unyevu ukutani, niliuona.

Huku bati la jikoni linavuja tena upande wa stoo. Fundi anataka fedha kwanza, baba yako anasema atapanda mwenyewe, nimeficha ngazi kwa jirani. Kuku wawili wanaatamia. Zamu yangu ya kikoba ni mwezi ujao, nikipata nitakulipia ile blenda, kabla ya hapo tumia kinu na usikope kwa mtu. Kanga yako ya maua ya mkarafuu uliisahau kwenye kamba, mdogo wako anaivaa, nimemkataza hasikii.

Ungo uliomo kwenye mzigo ni wa bibi yako, urudi nao likizo. Mzigo amekabidhiwa kondakta wa basi la alfajiri, nimemlipa, asikudai tena. Ukifika mkononi nipigie baada ya isha, mchana simu anakuwa nayo mdogo wako. Na usinipigie kabla hujakaa na ungo. Nataka uniambie katika zile kilo tatu umetoa mbovu ngapi.

Mama yako