Barua kwa makhatibu na walimu wa madrasa: ile aya isomeni mpaka mwisho

Wanangu, assalaam alaykum.

Mimi bibi yenu, mkunga mstaafu hapa Pemba, nakusikilizeni kila Ijumaa kutoka upande wa wanawake. Udumavu, mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa lishe duni, mmeupandisha mimbarini, Allah akulipeni. Ila mwaisoma Al-Baqara 233, mama anyonyeshe miaka miwili kamili, kisha mwatugeukia sisi wanawake kwa lawama. Aya haijaisha hapo. Inaendelea: chakula na nguo za mama ni juu ya baba, na hata kumwachisha mtoto ziwa ni kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili.

Juzi nilipita nyumba moja adhuhuri. Samaki changu mmoja. Mnofu ulikwenda sahani ya baba ukumbini. Jikoni mama, mja mzito wa miezi saba, na mwanawe wa mwaka na nusu wakarowesha wali kwa mchuzi. Kliniki ubao wa urefu umeshasema mtoto kadumaa. Mama akanambia, "Kachukua ufupi wa babake." Babake huyo akipita mlangoni huinama!

Mnakijua kisa cha Sayyidna Umar, khalifa wa pili. Posho ya Baitulmali, hazina ya Waislamu, alimpa mtoto akishaachishwa ziwa. Usiku mmoja akasikia kitoto kinalia, akamlaumu mama. Mama, asimjue ni nani, akajibu: namwachisha mapema kwa kuwa Umar hampi anayenyonya. Alfajiri ile alisalisha akilia, akaamuru kila mtoto aandikiwe posho tangu kuzaliwa. Lawama aliirudisha kwake.

Basi waambieni wanaume. Siku 1,000, tangu mimba mpaka mtoto atimize miaka miwili, mfuko wao ndio unaotazamwa. Miezi 6 ya mwanzo ni ziwa tupu, hata maji hapana, na anayenyonyesha ale ashibe. Baada ya hapo uji mweupe hautoshi: utiwe dagaa wa kusaga, na yai au mchicha viwepo. Ramadhani nayo, rukhsa ya mja mzito na anayenyonyesha kutofunga itajeni waziwazi, maana wapo mama wakwe wanaowasimanga wakaza wana wao. (Kombe la kitoto kichanga nalo, yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, anywe mamake. Najua hapo nitagombana na wengi.)

Ijumaa nitakuwa nyuma ya pazia. Spika ya upande wetu inakoroma, kwa hiyo semeni kwa sauti.