Shukrani kwa dada wa Jumamosi, Mbagala

Dada uliyekuwa ukija kuwafundisha watoto wetu wa sekondari hapa Mbagala, jina lako sikulipata; wao walikuita Madam tu. Pokea shukrani za mzazi.

Anayeijua Dar anajua adha ya mwanafunzi kituoni asubuhi. Nauli yake ni shilingi 200, konda anataka abiria wa nauli kamili, daladala inaondoka, mtoto anakosa kipindi cha kwanza. Wanetu walizoea kugombania mlango na kurushiana matusi. Wewe ukawafundisha kumuuliza mwenzako anachohitaji kabla ya kudai chako. Binti yangu alinisimulia zoezi la chungwa: wawili wanaligombania, kumbe mmoja anataka juisi, mwingine ganda la kutia kwenye keki. "Mama, wangeulizana tu!"

Basi wakawafuata makonda, yeye na wenzake wa kidato cha tatu. Wakasikiliza kwanza: konda ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni. Wakakubaliana kila gari lipakie wanafunzi kadhaa, nao wapange foleni, nauli mkononi, wasizibe mlango. Si makonda wote wanaotimiza, ila wengi wanawachukua.

Na uongozi hukuwaachia viranja peke yao. Kila Jumamosi mwingine aliendesha kikao, hata wale wapole. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote, maana binti yangu alikuwa hanyooshi mkono darasani. Sasa yeye ndiye anayezungumza na makonda, kwa heshima na bila woga.

Mungu akuzidishie, dada yangu. Ukipita tena Mbagala, karibu nyumbani tule pamoja.