AM haijafa, itoeni nyumbani muipeleke baharini

Ndugu mhariri, nimesoma ile makala yenu inayosema AM, yaani redio ya mawimbi ya kati, imekufa imebaki ya wazee, na ushahidi mkubwa mliotoa eti ukiifungulia unasikia mkwaruzo tu. Naomba nafasi kidogo maana hapo mmekamata mtu asiye mwizi. Ule mkwaruzo unatoka humo humo ndani kwenu. Chukua kiredio cha betri, kisogeze karibu na chaja ya simu, halafu balbu ya LED, halafu TV, utasikia kinavuma kama mzinga wa nyuki, ukichomoa chaja kinanyamaza. Sasa kosa la AM liko wapi hapo?

Mi ni mmoja wa wale tunaoamka usiku wa manane kwenda kukaa ufukweni na redio kutafuta stesheni za mbali, wenzetu wanadhani tumerogwa. Lakini sababu ipo. Mchana kuna tabaka la hewa huko juu angani, kama kilomita 60 hadi 90, jua likiliwakia linameza mawimbi ya kati yote yanayopanda, ndo maana mchana unapata stesheni za karibu tu. Jua likizama lile tabaka linapotea, mawimbi yanapita yanagonga tabaka za juu zaidi yanarudishwa chini, mamia na hata maelfu ya kilomita kutoka yalikorushwa. Na yakija kwa kupita juu ya bahari ndo kabisa, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme maelfu ya mara kuliko udongo mkavu, kwa hiyo mawimbi yanayokuja chini chini karibu na upeo hayachoki kama yanavyochoka nchi kavu. Ila inabidi uwe pale pale maji yanapoishia, ukirudi nyuma kilomita chache tu ile raha imepungua sana.

Redio yenyewe wala sio ya ajabu, inaingia mfukoni. Ndani yake kuna kijiti cheusi cha feraiti (kitu kigumu chenye asili ya chuma) kimezungushiwa waya, hiyo ndo antena ya AM (ile ya chuma unayoivuta juu ni ya FM na mawimbi mafupi, msihangaike kuivuta). Kwa hizi redio ndogo kijiti huwa kifupi kama kidole, sisi tunakitoa tunaweka cha sentimita 20 hivi ambacho hakiingii kwenye kasha, kinalala juu yake kama mzigo kichwani. Waya wake ni nyuzi nyembamba nyingi zimesokotwa pamoja na kila unywele umepakwa vanishi yake, usipoiondoa yote kabla ya kulehemu risasi haishiki. Cha kwanza nilikiharibu hivyo hivyo, nyuzi kadhaa hazikushika, nikafika ufukweni redio kimya kuliko ilivyotoka dukani, nikarudi na mchanga kwenye viatu. Wapo wanaopanga vijiti vingi kuzunguka bomba kama ngoma wakazungushia waya, na hiyo huiungi na redio kwa waya hata mmoja, unaiweka pembeni tu na sauti inapanda.

Na kijiti kina akili. Ubavu wake ndo unaosikia, ncha zake ni kiziwi, kwa hiyo stesheni ya karibu ikikufunika unaizungusha redio taratibu mpaka ncha iielekee, inazama, na chini yake anatokea mtu mwingine kabisa anasoma habari kwa lugha usiyoijua. Hapo ndo nywele zinasimama. Kuna filimbi pia, Afrika, Ulaya na Asia tunapanga stesheni kwa hatua za kilohezi 9 (kilohezi ndo kipimo cha masafa, zile namba za stesheni kwenye redio) na Amerika ni 10, kwa hiyo mmoja akiwa 1521 na mwingine 1520 tofauti yao ya kilohezi moja inapiga mluzi masikioni. Wengine unawakera, sisi ukilia tu tunajua kuna mgeni kavuka bahari.

Makala imesema pia Ulaya wanafunga mitambo, hilo kweli, stesheni ya Deutschlandfunk ya Ujerumani ilizima mawimbi ya kati mwisho wa 2015 na wengine wengi wamefuata, na mi sifurahii kwa sababu kuna watu walikuwa wanawategemea. Lakini mlichosahau, aliyekaa mbele akiondoka anaonekana aliyekuwa nyuma yake. Zile nafasi zilizokuwa na dude moja linanguruma usiku kucha sasa zinaachia stesheni ndogo za mbali ambazo zamani usingeziota.

Kwa hiyo mhariri, mtumeni mwandishi wenu ufukweni, sio mchana. Aende saa nzima kabla ya jua kuchomoza, avae hedfoni, simu aizime kabisa maana nayo inapiga kelele, na aanze na stesheni za upande wa mashariki kwa sababu hizo zinakimbia mapema kwao kukipambazuka, za magharibi zitamngoja na wakati mwingine zinapanda dakika chache pale jua likitokeza halafu ghafla hakuna kitu. Betri za akiba asisahau.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi, msikilizaji wa usiku.