Anayekwenda Sauti za Busara mara ya kwanza aambiwe haya

Mhariri,

Februari ikikaribia, magazeti hutoa orodha ya wasanii watakaopanda jukwaani katika tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Unguja. Orodha hiyo inamtosha aliyekwisha kwenda. Mgeni wa tamasha haimfikishi mbali, kwa sababu kinachomharibia usiku mara nyingi si msanii bali boti, ratiba na mahali aliposimama. Tunaomba mwaka huu muandike na haya.

Ratiba kwanza. Muziki huanza jioni na kupita usiku wa manane. Katika ratiba za matamasha, msanii aliyewekwa saa 00:30 chini ya Jumamosi hupanda usiku wa kuamkia Jumapili. Asiyelijua hilo hufika siku moja kabla, au akalala na kumkosa. Visiwani kuna mtego mwingine: kwa wazee wengi siku huanza magharibi, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule wa Alhamisi. Ukielekezwa kwa mdomo, uliza tarehe.

Boti za mwendokasi za mwisho za kurudi Dar es Salaam huondoka muda mrefu kabla muziki haujaisha. Kwa hiyo hakuna kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Chumba kitafutwe mapema, na kiwe cha kufikika kwa miguu kutoka Forodhani, bustani iliyo mbele ya Ngome. Februari ni msimu wa kaskazi, na boti inayotoka Dar huelekea uso kwa uso na upepo huo. Mwenye kichefuchefu akae katikati, sakafu ya chini, na dawa ya safari aimeze kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kuyumba. Kitambulisho kisisahaulike, maana Mtanzania hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje na mlangoni atatakiwa athibitishe. Na tikiti inunuliwe: mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha.

Ule mkanda wa mkononi unaofungwa mlangoni ukishakazwa haulegei, na ukikatwa hauna thamani. Uache nafasi ya kidole kimoja. Ukibana sana, joto likivimbisha mkono utajuta. Ukiachwa mpana mno utachomoka kwenye msongamano.

Sasa sauti, ambayo ndiyo iliyokupeleka. Ngome ina kuta nene za mawe. Besi hujikusanya kwenye kuta na pembe, na sauti nyembamba hugonga mawe na kurudi ikiwa imechelewa kidogo. Ndiyo maana anayeegemea ukuta husikia mvumo tu, maneno hayashiki, kisha anamlaumu fundi mitambo. Aliyebanana mbele kabisa naye hukosa: spika kubwa za pembeni zinampita, anabaki na ngoma na vikuza sauti vya magitaa vya jukwaani. Tafuta kibanda cha mixa, ule mtambo wa kuchanganyia sauti. Fundi huipima sauti kwa kusikiliza akiwa hapo, hivyo hatua chache mbele au nyuma yake, usawa wa katikati ya jukwaa, ndipo pazuri kuliko pote. Usimzibe tu, anahitaji kuliona jukwaa.

Halafu watu hupiga miluzi kati ya kundi na kundi wakidhani wasanii wanaringa. Tamasha hili ni la muziki wa laivu, hakuna kuimbia juu ya CD, na laivu ina kazi yake. Chukua kikundi cha taarab asilia. Kanuni, ile ala bapa ya kudonoa, peke yake ina nyuzi zaidi ya 70, nyingi zikiwa tatu tatu kwa kila noti, na unyevu wa pwani huzilegeza tangu zilipolinganishwa sauti mchana. Udi, fidla na akodioni kila kimoja kina maikrofoni yake. Ukiifungua ya udi kupita kiasi, inadaka sauti ya spika, inairudisha, na ule mlio wa kukata masikio unazuka. Ngoma za ngozi nazo hunywa unyevu zikalia kama debe lililolowa, ndiyo maana utawaona wapigaji wa pwani wakizipasha moto kwanza. Muda huo wa maandalizi utumie kwenda chooni na kununua maji, kabla foleni haijakua.

Masikio yana hesabu yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 uliweka kikomo cha desibeli 100 (kipimo cha ukubwa wa sauti), ukiwa ni wastani unaopimwa kila dakika 15, katika kumbi na matamasha. Kila zikiongezeka 3, nguvu ya sauti inakuwa maradufu, na muda salama unapungua kwa nusu. Pamba haisaidii kitu cha maana. Nunua vizibo vya sponji. Kisokote kimoja kwa vidole hadi kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa ulivute sikio juu na nyuma, kiingize, ukishikilie kwa sekunde 30 kinapotanuka. Wengi hukiweka juujuu tu, kinadondoka, wanasema havifai. Watoto wavae vifuniko vya masikio na wakae mbali na spika. Kwao saa za mwanzo zinatosha.

Mengine ni mepesi. Mji Mkongwe ni mtaa wa watu wanaoswali na kulea: mabega na magoti yafunikwe njiani, na kanga moja itakusitiri, itakufaa kukalia kwenye ngazi za mawe na itakukinga umande. Viatu viwe vya kufunika vidole. Mfuko wa plastiki uuache nyumbani, umepigwa marufuku. Beba kikapu au mfuko wa kitambaa. Noti ndogondogo zinahitajika Forodhani, maana muuza urojo hana chenji ya elfu kumi mapema jioni. Pweza na samaki wa pale ule aliyetoka jikoni mbele ya macho yako, si aliyepangwa mezani tangu magharibi. Kwa simu, kubalianeni mapema mahali pa kukutana mkipotezana, mfano lango la Ngome, kwa sababu mtandao huelemewa watu wakijaa.

Fundi mitambo,
Unguja