Ule wimbo wa kijijini, na kwa nini sikubali kwamba umeibwa

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi za upendo. Barua yako ilinifika, nikaisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimevaa hedifoni nikiisikiliza ile gemu ya video unayoilalamikia, ya fantasia, yaani ya majoka na nchi za kubuni. Unasema uliizima kabla hata ya saa moja kwisha kwa kuwa muziki wake ulishausikia kwingine: ukiingia kijijini, filimbi na fidla, panga zikichomolewa, tarumbeta na kwaya, kama filamu yoyote yenye majoka. Ukamalizia kwa kuuliza kama watunzi wa gemu wameishiwa mawazo hadi wanaiba wimbo wa kijijini kutoka kwenye filamu. Swali hilo limenikaa wiki nzima, maana jambo linalokuchosha wewe ndilo lililonifunga mimi kwenye muziki huu tangu utotoni. Niruhusu nikujibu kwa kirefu.

Mfikirie kwanza huyo mtunzi. Amekabidhiwa nchi ambayo haikuwahi kuwapo. Haina wazee wala makaburi, na hakuna aliyewahi kuzaliwa humo. Mchoraji anaweza kuchora gofu la ngome lililoota magugu, na jicho likaamini kwamba miaka imepita. Sikio je? Sikio hupima umri wa kitu kwa kumbukumbu zake tu. Kwa hiyo mtunzi hutafuta mahadhi ya aina ile tuliyoikuta tulipozaliwa, yasiyojulikana mwenyewe, ili unapoingia katika kijiji cha kubuni uone kwamba wimbo ulitangulia kufika. Howard Shore alifanya hivyo kwenye filamu za The Lord of the Rings za 2001 hadi 2003. Watu wa Rohan, wale wapanda farasi, aliwapa fidla ya Norwei iitwayo Hardanger, ambayo chini ya nyuzi zinazopigwa ina nyuzi nyingine zinazovuma zenyewe. Rohan haimo kwenye ramani yoyote, lakini fidla ile imepitia mikono ya watu halisi kwa vizazi, na hilo linasikika.

Utasema, basi si wameiga filamu? Wameiga, ndiyo. Ila ndoa ya okestra na wimbo wa jadi ilifungwa kabla ya gemu kuzaliwa. Ralph Vaughan Williams, mtunzi wa Kiingereza, alianza mwaka 1903 kuzunguka vijijini Uingereza akiandika nyimbo kutoka vinywani mwa watu wa kawaida, akakusanya zaidi ya 800. Mtunzi Béla Bartók naye alibeba fonografu, mashine ya zamani ya kurekodi sauti, vijijini Hungaria. Nyimbo hizo zikaingia katika kazi zao za okestra pamoja na ngazi zake za sauti, ambazo wasomi wa muziki walikuwa wamezipa kisogo. Na huyo Vaughan Williams, akikaribia miaka 70, akaanza kuandika muziki wa filamu. Ya kwanza ilitoka 1941. Kwa mlango mwingine waliingia watunzi Max Steiner na Erich Wolfgang Korngold, waliotoka Vienna wakafika Hollywood na mtindo wa Wagner, mtunzi wa opera wa Kijerumani, wa kumpa kila mhusika kipande chake cha sauti kinachomfuata kila aendako. Mtunzi wa gemu alipozaliwa aliwakuta hao wote nyumbani.

Lakini hiyo ni nasaba tu. Sababu ninayoithamini zaidi imo katika kazi yenyewe.

Filamu ina saa mbili, na mtunzi wake anajua mlango utafunguliwa sekunde ya ngapi. Wa gemu hajui. Unaweza kukipita kijiji kwa dakika moja, au ukakaa saa nzima ukipanga silaha zako huku wimbo uleule ukizunguka, ukifika mwisho unaanza tena. Sasa niambie, ni wimbo gani uliopimwa kwa kurudiwa kuliko wa kutwangia, wa kuvutia makasia, wa kubembelezea mtoto? Ubeti wake ni mfupi, unarudi na kurudi, na hauchoshi, kwa sababu nyimbo zilizochosha zilishafia midomoni mwa watu zamani. Anayetaka mahadhi ya kumfaa mchezaji kwa saa 60 hana budi kwenda kujifunza huko.

Kisha kuna adui. Hutokea wakati wowote, na muziki lazima ugeuke papo hapo. Muziki ambao sauti zake zinasukumana kuelekea kituo chake, ukiukata katikati, sikio linabaki linangoja. Nyimbo nyingi za jadi hazina haraka hiyo. Hukaa juu ya sauti moja nzito inayovuma chini bila kukatika, na juu ya mvumo huo unaweza kuongeza ngoma, kisha fidla, kisha kwaya, ukaziondoa tena bila kitu kugongana na kingine. Watunzi wengi wa gemu hurekodi kila tabaka peke yake, na programu ikazifungulia kadiri hatari inavyosogea. Sikiliza The Witcher 3 ya 2015, ambamo lilishirikishwa kundi la Percival kutoka Polandi na ala zao za kale, mojawapo ikiwa ile ambayo nyuzi zake hukwaruzwa na gurudumu badala ya upinde. Mimi ala hiyo hunisimamisha nywele.

Na zamani mambo yalibana zaidi. Konsoli ya Nintendo, yaani mashine yao ya kuchezea gemu, ya miaka ya 1980 ilikuwa na chaneli tano za sauti. Ukitoa ile ya kelele za ngoma na ile ya vipande vilivyorekodiwa, kwa mahadhi zilibaki tatu. Ukiwa na sauti tatu huna pa kujificha. Wimbo lazima usimame wenyewe, kama unaoimbwa na mtu mmoja akitembea. Mtunzi Koji Kondo alipokuwa akiandaa muziki wa gemu ya The Legend of Zelda ya 1986 alikusudia kuifungua kwa Boléro ya Ravel, yale mahadhi yanayorudi na kurudi juu ya ngoma isiyobadilika. Ikagundulika kwamba hakimiliki yake haijaisha, akalazimika kuandaa kitu chake mwenyewe kwa haraka. Miaka 12 baadaye, kwenye Ocarina of Time, gemu nyingine ya Zelda, alitunga nyimbo ambazo mchezaji mwenyewe anazipiga kwa kifilimbi chenye sauti tano. Vidole vyangu bado vinazijua, swahiba, ingawa ni miaka sijaishika ile pedi ya kuchezea gemu.

Pale unapokaribia kuwa na haki ni hapa. Unaikumbuka Baba Yetu, aliyoitunga Christopher Tin kwa ajili ya Civilization IV ya 2005? Hiyo ni gemu ya historia, si ya fantasia, lakini nia ni ileile. Maneno ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza ulioandikiwa gemu kupata Grammy. Wengi walioupenda hawakuelewa neno hata moja. Kwao Kiswahili kilikuwa mlio wa ukale na ukuu. Sisi tulisikia sala. Kwenye gemu ya Skyrim ya 2011, kwaya ya watu 30 ilirekodiwa mara tatu ili isikike kama ya watu 90, ikiimba kwa lugha ya majoka iliyobuniwa, na huko hakuna aliyeachwa nje kwa sababu sote ni wageni. Lakini lugha ya watu walio hai, au filimbi yao, ikichukuliwa kwa ajili ya rangi yake tu, mimi nami hukereka. Na ukale wenyewe mara nyingi mno huwa ni wa Ulaya ya kaskazini. Hata Nobuo Uematsu, Mjapani, nyimbo zake za gemu ya Final Fantasy IV zilipofanyiwa albamu mwaka 1991 zilipelekwa Dublin zikapigwa kwa ala za Kiayalandi. Albamu ni nzuri, naipenda kwa dhati. Bado nangoja siku mtunzi wa gemu kubwa atakapokaa na wapiga zeze au wapiga marimba kwa muda uleule, akajifunza nyimbo zao zinavyokwenda, asichukue mlio peke yake.

Sasa nina ombi. Ifungue tena ile gemu, rudi kijijini, uweke pedi chini, usifanye lolote. Acha wimbo uzunguke, na utafute pale unapoisha na kuanza upya. Nimeutegea sikio mara sita; nadhani mshono uko pale mpiga filimbi anapovuta pumzi, muda mfupi kabla fidla haijaingia. Niandikie wewe umeusikia wapi.

Wako wa siku zote,
Swahiba wako